Binti wa miaka 5 anataka kuwa polisi, wazazi tumegawanyika. Tuanzie wapi?

MamaWawili

Habari zenu wadau. Naomba majibu ya wanaojua malezi au wanaofanya kazi na watoto.

Binti yetu ana miaka 5 na miezi 8. Kwa miezi mitatu sasa akiulizwa atakuwa nani anajibu "polisi". Mimi napenda, kwa sababu nimechoka kuona wasichana wakigawiwa kazi tatu zilezile, na msichana kuitaka kazi inayoitwa ya kiume kwangu ni jambo la haki. Mume wangu hataki hata kusikia, na hoja yake nayo ni ya haki: polisi wamewaumiza watu wengi wasio na hatia, hasa maskini na wanaobaguliwa, kwa hiyo hawezi kumvisha mwanawe sare hiyo kama vazi la mchezo. Alimwambia mtoto moja kwa moja, "Polisi wanapiga watu." Binti akauliza, "Kwa hiyo na mimi nitapiga watu?"

Kaka yake ana miaka 9. Alipokuwa na 6 alitaka kuendesha gari la taka, watu wakacheka. Siku hizi akiulizwa anasema "sijui".

Maswali yangu:

1. Ndoto ya mtoto wa umri huu ina uzito wowote au tunagombania hewa?
2. Kuhusu ukatili wa polisi, aambiwe nini hasa, kwa maneno gani?
3. Shuleni kuna siku ya kuvaa mavazi ya kazi, zimebaki wiki tatu. Sare au hapana?
4. Sisi wawili tunaongeaje bila kuishia kwenye siasa?

"Muacheni mtoto aote" tumeshaambiwa na kila mtu. Nataka hatua.

MwlAwali

Dada, nianze na la kwanza maana ndilo lililobeba mengine.

Mtoto wa miaka 5 akisema "polisi" hachagui ajira. Hajui mshahara, zamu wala sheria. Anachokiona ni mtu mkubwa mwenye sare ambaye akinyoosha mkono magari yanasimama. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza makuzi ya ndoto za kazi kwa ngazi nne. Miaka 3 hadi 5 mtoto anatazama ukubwa na nguvu. 6 hadi 8 anauliza kama kazi ni ya wanaume au ya wanawake. 9 hadi 13 anauliza ina heshima kiasi gani. Kuanzia 14 ndipo anauliza kama inamfaa yeye mwenyewe. Umri si wa kukata kwa kisu, ila mfuatano ndio wa kuushika.

Kuna sehemu ya nadharia hiyo ambayo wazazi hawaambiwi: mtoto hapandi ngazi kwa kuongeza kazi, anapanda kwa kuzifuta. Kila ngazi anaondoa fungu zima, na alichokifuta ni nadra kukirudia mwenyewe bila kukutana na kitu kipya cha kumrudisha. Kwa hiyo anachokitaka leo kisiwanyime usingizi. Angalieni anachokifuta. Binti yenu amebakiza miezi michache aingie kwenye "hii ni ya wavulana". Kaka yake yuko kwenye ngazi ya heshima, alishafuta gari la taka, na hakuna mtu aliyemsaidia kuweka kitu pale palipobaki wazi. "Sijui" yake si uvivu.

Sasa, kabla ya kubishana juu ya polisi, tafuteni anachokimaanisha. Akiwa anachora, kaa ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso. Dakika 10 zinatosha. Usiulize "kwa nini", maana atajibu "kwa sababu nataka" au atabuni jibu la kukufurahisha. Uliza vinavyoonekana: Polisi akifika kazini anafanya nini kwanza? Ana vitu gani? Anamsaidia nani? Ni wakati gani anafurahi? Kitu gani kinamchosha? Mwache achore, wewe andika maneno yake yalivyo pembeni ya karatasi.

Majibu huangukia kwenye mafungu machache. Akitaja king'ora na gari, anapenda mwendo na kelele, na hilo lipo pia kwenye zimamoto na gari la wagonjwa. Akitaja kumrudisha mtoto aliyepotea kwa mama yake, anapenda kuokoa. Akitaja kuwaambia watu "simama, wewe pita huku", anapenda kupanga na kuamuru, ambalo ni pendo la refa, la hakimu na la mwongoza ndege. Akitaja kofia na mkanda, ni sare, basi. Na mara nyingine ni mtu mmoja tu aliyemwona akampungia mkono.

Lengo la kujua hilo ni kupanua, si kumhamisha. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu. Mtoto akishasema king'ora, mzazi anaruka: "Basi si bora uwe zimamoto?" Mtoto anasikia kitu kimoja tu, kwamba jibu lake lilikuwa baya. Mwachieni "polisi" yake na muweke nyingine mbili kando yake. Kosa la pili ni kumsahihisha katikati ya mchoro. Rudieni maswali yaleyale baada ya wiki mbili. Kinachojirudia ndicho chake. Kisichojirudia kilikuwa cha siku ile.

FundiLugha

Mwalimu amemaliza upande wa makuzi. Mimi nashika maneno, maana hapo ndipo baba ameteleza na mama naye yuko karibu.

"Polisi wanapiga watu." Kwa mtu mzima hiyo ni habari na malalamiko. Kwa mtoto wa miaka 5 ni sentensi ya aina moja na "samaki wanaogelea". Haina siku, haina mahali, haina mtu. Sentensi ya namna hiyo mtoto huielewa kuwa inataja asili ya kitu. Ndiyo maana swali lake lilikuwa sahihi kabisa: kama kuogelea ndio usamaki, basi kupiga ndio upolisi, na mimi nikiwa polisi nitapiga.

Dawa iko kwenye sarufi. Acheni viambishi -na- na hu- vinavyoelea bila wakati maalumu, tumieni -li- ya wakati uliopita pamoja na wale, yule na siku ile: "Siku ile wale polisi walimpiga yule mtu. Walikosea. Kuna sheria inayowakataza." Ya kwanza inalifunga tukio mahali pake, ya pili inatoa hukumu bila kuzunguka, ya tatu inaonyesha kuna kanuni iliyovunjwa. Baba hajapunguza hata chembe ya msimamo wake.

Mama, upande wako kuna shimo lilelile. "Polisi ni watu wazuri, wanakamata wabaya." Mtoto akiona mtu anapigwa atamalizia hesabu peke yake: basi huyo ni mbaya. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza tangu 1932 kwamba watoto wadogo huamini aliyepatwa na jambo baya lazima alikosea, kana kwamba dunia yenyewe ndiyo inayoadhibu. Imani hiyo wanayo tayari, msiipalilie.

La pili ni vitenzi badala ya vyeo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha kuwaambia watoto wa miaka 4 hadi 9 "leo tutafanya sayansi" na "leo tutakuwa wanasayansi". Wasichana walioambiwa "tutafanya" waliendelea na michezo ya kisayansi kwa muda mrefu zaidi. Cheo kinamlazimu mtoto ajilinganishe na picha ya mtu aliye kichwani mwake. Kitendo hakimdai hivyo. Kwa hiyo badala ya "wewe utakuwa polisi" jaribuni "leo tuwalinde watu wanaovuka barabara", mkiwa na wanasesere na kamba mbili sakafuni.

La tatu, na hili Kiswahili kimetupa bure. "Yeye" haina jinsia. Polisi, rubani, muuguzi, fundi, hakuna hata neno moja hapo linalosema mwanamume au mwanamke. Msimulieni: "Polisi alishuka garini, akamwona mtoto anayelia, akachuchumaa, akamuuliza jina." Kisha muulizeni, huyo polisi tumpe jina gani? Jina atakalolitoa litawaambia kama ameshaanza kufuta. Rudieni kwa rubani, muuguzi na fundi bomba, muandike majina bila kusema lolote. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe ndio tunaoichafua bahati hiyo. Tunasema "rubani wa kike", na muuguzi tunamwita "sista" hata hajafungua mlango. Ile nyongeza "wa kike" inamwambia mtoto kwamba wa kawaida ni yule mwingine.

Jicho_Kavu

Naona baba wa watu anatengenezwa kuwa mkosaji. Samahani mama, ila nitamtetea kidogo.

Kuna familia ambazo suala la polisi haliwezi kuahirishwa mpaka mtoto akue, kwa sababu mtoto ataliona nje ya mlango kabla hajafika miaka 7. Na kwa familia zote, kunyamaza nako ni jibu. Mtoto anaona uso wa baba yake unavyobadilika gari la polisi likipita. Asipopewa maneno atajitungia yake, na ya kujitungia mara nyingi huwa mabaya zaidi. Kwa hiyo sikubali "mtoto mdogo asiambiwe". Aambiwe, kwa kipimo.

Miaka 5 na 6: mtoto anajua haki kama usawa wa mgao na kama "si zamu yako". Mzungumzie hapohapo. Mtu mwenye nguvu kazi yake ni kumlinda asiye na nguvu, akimwumiza amekosea, na watu wazima wengine wanafanya kazi ya kumzuia. Sentensi tatu au nne, kisha msubiri aulize. Asipouliza, imetosha kwa siku hiyo. Miaka 7 na 8: ongeza kwamba kuna watu wanaosimamishwa kwa sababu ya rangi, kabila au mavazi yao, na kwamba huo ni uonevu hata kama aliyesimamisha alikuwa na tabasamu. Hapo mtoto anaelewa kanuni, kwa hiyo mwonyeshe kanuni: nani anapokea malalamiko, hakimu anafanya nini. Miaka 10 na kuendelea ndipo unapoweza kuzungumzia mfumo, yaani namna ambavyo watu wengi wazuri wanaweza kufanya kazi ndani ya utaratibu unaowaumiza wengine. Ukimpa hilo la mwisho akiwa na miaka 5 atabeba hofu tupu bila maelezo.

Video, hapana. Si kwa sababu ya damu tu. Mtoto mdogo akiona tukio moja likirudiwa mara nne kwenye runinga anaweza kudhani watu wanne wamepigwa. Taarifa za habari zitazamwe amelala, na simu zenu pia zihesabiwe.

Kuna jambo la usalama ambalo halina siasa. Mtoto aliyeambiwa polisi wote ni wabaya akipotea sokoni au stendi atawakimbia wote wenye sare, pengine hata walinzi na wahudumu, maana hatofautishi. Na aliyeambiwa wote ni wazuri atamfuata yeyote mwenye kofia. Mfundisheni mpango: asimame palepale, aite jina kamili la mzazi badala ya "mama" (wanaoitwa mama hapo ni wengi), amwendee mtu anayefanya kazi mahali hapo au mama mwenye watoto, ataje namba ya simu. Namba ifundisheni kwa kuimba, tarakimu tatu tatu. Polisi kuwa kwenye orodha ya wa kuwaendea au kutokuwamo mtaamua wawili, ila orodha isiwe ya mtu mmoja. Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwezi, kama mchezo.

Na wanaopenda kutaja haki za mtoto: kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 hakisemi mtoto akishatamka imepita. Kinataka asikilizwe, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kifungu cha 18 nacho kinaweka jukumu la malezi kwa wazazi wote wawili. Baba ana nafasi yake hapa.

MamaWawili

Asanteni sana. Tumesoma pamoja. Mwenzangu anasema FundiLugha amemshika pabaya, na Jicho_Kavu amempa pumzi.

Yamebaki mawili. Seti ya sare ya kununua ina bunduki na pingu, na hapo amekataa katakata. Anataka binti aende shuleni kama zimamoto. La pili ni sisi wenyewe: kila tukianza kuzungumza, baada ya dakika tano tunajadili serikali badala ya mtoto.

Mpatanishi_K

Nachukua la pili.

Mnaposema "polisi" mnabeba vitu vitatu kwa neno moja: thamani (nini ni haki), habari (nini kimetokea), na kumbukumbu (nini kilinipata mimi au wangu). Ubishi wa thamani unaweza kupatanishwa, wa habari unaweza kuhakikiwa. Wa kumbukumbu haupatanishwi, unasikilizwa tu. Kwa hiyo kabla ya lolote kila mmoja amuulize mwenzake: kuna jambo lililokupata? Kama lipo, kikao cha kwanza ni cha hilo peke yake, msitafute uamuzi siku hiyo. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini makubaliano mazuri yanavunjika baada ya wiki.

Kikao chenyewe kiwe dakika 25, mtoto akiwa hayupo kabisa. Chumba cha pili si mbali, watoto wana masikio. Msifanye usiku mkiwa mmechoka. Kila mmoja aandike sentensi tatu kimya kimya: Ninachokiogopa ni... Mtoto akifika miaka 10 ningependa awe anajua kwamba... Kitu ambacho siwezi kukikubali mwaka huu ni... Kisha mbadilishane karatasi na kila mmoja asome kwa sauti karatasi ya mwenzake, bila kuongeza neno. Ile ya kati ndiyo dhahabu. Aghalabu wazazi hukuta wameandika jambo moja kwa maneno tofauti.

Halafu mtunge sentensi moja ya pamoja ambayo yeyote kati yenu akiulizwa na mtoto ataisema vilevile. Mfano tu: "Kazi ya polisi ni kuwalinda watu wote. Wengine wanaifanya vizuri, wengine wamewaumiza watu, na kuna watu wanaodai hilo lirekebishwe." Ipimeni hivi: mtoto anaweza kuirudia? Baba anaweza kuisema bila kukunja uso? Mama anaweza kuisema bila kuongeza "lakini"? Ikishindwa moja, iandikeni upya. Iwe na muda, miezi mitatu, kisha muipitie tena. Makubaliano ya "milele" humtisha anayeona ameshindwa.

Mambo yanayoibomoa ni yaleyale siku zote. "Kamuulize baba yako anayewachukia polisi." Zawadi inayonunuliwa kimyakimya ili kushinda. Kejeli mbele ya wageni. Bibi au babu kupewa upande. Kumgeuza mtoto hakimu ndilo baya kuliko yote: "Wewe mwenyewe unasemaje?" Hapo hasemi anachotaka. Anapima ni nani atakayeumia.

Mkijikuta kwenye serikali, mmoja anyanyue karatasi ya sentensi tatu na kuiweka katikati. Haihitaji maneno.

MwlAwali

Kuhusu sare nitakuwa mkaidi kidogo. Akitaka kwenda kama polisi na mkampeleka kama zimamoto, atakuwa amevaa kushindwa kwake siku nzima. Na baba naye hawezi kulazimishwa kumvalisha bunduki. Njia ipo: msinunue seti, tengenezeni. Kofia ya karatasi nzito, mkanda, filimbi, tochi ndogo, daftari la mfukoni na penseli, beji ya boksi yenye jina lake mwenyewe. Kazi ya saa moja, baba na binti. Kila kifaa akijue kinamsaidia nani: tochi ni ya kumtafuta aliyepotea, daftari ni la kuandika maneno ya mtu anayelalamika, filimbi ni ya kusimamisha magari. Daftari lenyewe ni somo zima. Polisi anasikiliza, anaandika. Silaha iachwe bila mahubiri. Akiuliza, "kwetu hatuchezei silaha" inatosha.

Mkipiga marufuku moja kwa moja mchezo hauishi, unahamia mahali msipouona.

Na mwangalie kitu kimoja katika mchezo wenyewe, mimi naona ni kikubwa kuliko sare: nani anakuwa mwizi? Ukiwaacha watoto wajipange, mwizi huwa yule mdogo, mgeni au asiye na sauti, kila siku huyohuyo. Badilisheni zamu kila dakika 10, na muongeze nafasi: shahidi, wakili, hakimu, mtu aliyekamatwa kimakosa. Hiyo ya mwisho watoto huipenda kwa sababu ina kilio. Anayekamatwa akisema "basi", mchezo unasimama.

MshauriKazi

Binti ameshughulikiwa, kaka mmemwacha. Kwangu yeye ndiye mwenye haraka zaidi.

Miaka 9 ni mwanzo wa ngazi ya heshima, na heshima hiyo haitoki kwenye kazi yenyewe. Inatoka kwa mtu anayeonekana akiifanya. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwaonyesha watoto kazi za kubuni kabisa, wasizowahi kuzisikia. Kazi ileile ikionyeshwa inafanywa na wanaume ilipewa hadhi kubwa kuliko ikionyeshwa inafanywa na wanawake. Utafiti mwingine wa namna hiyo, wa 2003, ulikuta watoto Wamarekani weusi wakifanya vivyo hivyo kwa rangi: kazi iliyoonyeshwa na watu weupe waliiona ya juu zaidi. Watoto wa miaka 6 na 7 walikuwamo. Hakuna aliyewafundisha kwa sauti.

Nyumbani tunafundisha kwa sauti kabisa. "Usiposoma utazoa taka." Mzazi anayedai haki kwenye mijadala na kumtisha mwanawe kwa mzoa taka anajipinga mwenyewe, na mtoto wa miaka 9 ana akili ya kuliona hilo. Sentensi hiyo iondoke leo. Badala yake: "Usiposoma utakosa nafasi ya kuchagua."

Kumrudisha hakuhitaji hotuba ya "kila kazi ni nzuri". Hatakuamini, alishasikia kicheko. Mrudisheni kwa ufundi. Gari la taka ni mashine: mafuta yaliyoshinikizwa yanasukuma bamba la chuma, bamba linabana taka, ndiyo maana gari moja linabeba zaidi ya lori la wazi la ukubwa uleule. Muulizeni bamba likikwama dereva afanye nini, njia ipangweje ili gari lisirudi mtaa mmoja mara mbili, taka zisipochukuliwa wiki mbili kitatokea nini kwa panya, mifereji na magonjwa. Achore ramani ya mtaa wa kubuni wenye nyumba 20 na atafute njia fupi. Hapo kuna uhandisi, afya ya jamii na upangaji wa safari, na yeye ndiye aliyefika, hakupelekwa.

Kisha mpeni historia, maana umri wake unaipokea. Februari 1, 1968, huko Memphis, Marekani, wazoa taka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, walikufa wakibanwa na mtambo wa gari la taka walimojikinga mvua. Februari 12 wafanyakazi wapatao 1,300 wakagoma, wakaandamana na mabango yaliyotangaza kwamba wao ni watu. Martin Luther King alikuwa amekwenda Memphis kuwaunga mkono alipouawa Aprili 4 mwaka huohuo. Mtoto wa miaka 9 akiisikia habari hiyo huhitaji kumwambia kwamba mzoa taka ana heshima. Maelezo ya vifo yaishie hapo nilipoishia, msiongeze picha.

Zoezi la wiki moja kwa nyumba nzima: karatasi ukutani, kila siku kila mmoja aandike kazi moja aliyoiona ikifanywa, nani aliifanya, na sisi tulimsalimiaje mtu huyo. Safu ya tatu ndiyo inayouma. Ijazeni hata hivyo.

Nukta

Nimesoma uzi wote. Binti aliuliza swali na mpaka sasa hakuna aliyemjibu.

"Kwa hiyo na mimi nitapiga watu?" Ajibiwe wiki hii, na wote wawili wakiwepo, kwa sababu swali lilizaliwa kwenye ubishi wenu. Baba aanze, yeye ndiye aliyesema ile sentensi: "Ulipouliza kama utapiga watu sikukujibu. Jibu ni hapana. Mikono yako ni yako, wewe ndiye utakayeamua inafanya nini." Mama asiongeze kitu.

Baada ya hapo leteni wanasesere wawili na beji ile ya boksi. Mmoja polisi, mwingine polisi mwenzake anayetaka kumpiga mtu. Muulizeni mwanasesere wa kwanza afanye nini. Msimpe jibu. Wengine husema "amwambie acha", wengine "amwite mkubwa wake", wengine humlaza yule mkorofi chini ya mto. Hilo la tatu lina kupiga ndani yake, kwa hiyo muulizeni kama kuna njia nyingine, mara moja tu. Dakika tano zinatosha. Akirudi kwenye king'ora, mfuateni kwenye king'ora.